Mnywa Sele: Mtemi aliyewatoza kodi matajiri wa Tabora, akakatwa kichwa

Leo Kigwa ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Lakini miaka ya 1850 misafara mingi iliyotoka pwani ilipita hapo. Wapagazi wakiiacha Rubuga walilala Kigwa, na baada ya hapo Tabora ilikuwa karibu kabisa.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita njia hiyohiyo. Rubuga na Kigwa alizikuta zimeharibiwa.

Nini kilitokea hapo katikati? Chanzo ni kodi.

Mtemi wa Unyanyembe, Fundikira, alifariki baada ya Richard Burton na John Speke kufika Tabora, Novemba 1857. Kiti kikaenda kwa mwanawe Mnywa Sele. Mama yake alikuwa mjakazi, na mwenyewe alisema ndivyo sheria ya urithi ilivyotaka, ili watoto wa ndoa wasigombane.

Hapa lazima uelewe ardhi ilikuwa ya nani. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikuwa na nyumba kubwa, mashamba, watumwa na bunduki. Ardhi yenyewe ilikuwa chini ya mtemi. Wao walikaa kwa ruhusa yake tu.

Na walikuwa hawalipi kitu! Njiani kote misafara ilitoa hongo kwa watemi (zamani neno hilo lilimaanisha ushuru wa kupita, si rushwa kama leo). Wakifika Unyanyembe, bure. Fundikira hakuwadai.

Mnywa Sele akaona hapana. Kwanza aliwapa zawadi za pembe za ndovu, na fungu kubwa likaenda kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi. Wengine wakanuna. Kisha akatangaza kodi kwa kila bidhaa inayoingia nchini mwake.

Jibu la matajiri lilikuwa vitisho: ukitugusa tunakutoa, tunamweka ndugu yako Mkasiwa. Naye Mkasiwa akaipokea nafasi hiyo kwa mikono miwili.

Vita ikawaka. Watu wengi wakafa pande zote mbili, na karibu mwaka 1860 Mnywa Sele akafukuzwa ikulu. Alikimbilia Rubuga kwa mtemi mzee aitwaye Maula. Waarabu wakamfuata huko. Maula aliponyoka, ila nchi yake iliteketezwa kwa kosa la kumpokea mgeni.

Yaani waliolipa gharama ya ule ugomvi wa kodi ni wakulima wa kando ya njia, ambao hawakuwa na pembe wala kitambaa cha kutozwa.

Januari 1861 Speke, akirudi tena bara, alitembelewa na Mnywa Sele huko Jiwe la Mkoa, akiwa na watu wenye bunduki. Mengi tunayoyajua kuhusu upande wake yametokana na maelezo aliyompa Speke siku hiyo. Alisema anataka amani, ila wenzake hawataki, wanamwinda tu. Speke alijaribu kupatanisha. Haikuwezekana.

Matajiri nao waliumia. Mwaka huohuo aliuawa Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu wa Burton. Misafara ilikwama, na bei ya vyakula njiani ikapanda.

Mnywa Sele aliendelea kupigana porini kwa miaka kadhaa. Mwaka 1865 alikamatwa na watu wa Mkasiwa, akakatwa kichwa. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza naye alikatwa kichwa mwaka 1649, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo kodi ilichangia kuviwasha. Tofauti ni kwamba Charles alipambana na Bunge. Mnywa Sele alipambana na wapangaji wake.

Mkasiwa alipata kiti, lakini matajiri waliomweka ndio waliokuwa na nguvu. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo akawafungia njia ya kwenda Ujiji, ugomvi ukaanza upya, safari hii na adui mkubwa zaidi.

Mkasiwa alifariki mwaka 1876, akarithiwa na Isike. Huyo ndiye aliyepigana na Wajerumani hadi Januari 1893, walipovunja boma lake Tabora naye akalipua baruti akiwa ndani ili wasimshike.