Nyumba za Kadibodi Zinazotunza Kijiji cha Zamani

Msikilizaji, kuna watu wazima wenye kazi zao ambao jioni huketi mezani na wembe, rula na gundi, wakijenga nyumba inayoenea kiganjani. Nyumba hiyo huwekwa kando ya reli ya mfano, ambako vitreni vya umeme hupita juu ya meza. Madukani zipo nyumba za plastiki za kuunganisha tu. Lakini wao huanza na kadibodi tupu. Kwa nini wajisumbue?

Jibu moja liko Uingereza, katika makumbusho ya Pendon, kijijini Long Wittenham. Mwanzilishi wake, Roye England, alizaliwa Australia na kufika Uingereza mwaka 1925. Katika vijiji vya bonde la White Horse aliona nyumba za kale zikibomolewa au kubadilishwa, paa za nyasi zikiondolewa. Hakuweza kuzuia hilo. Akaamua kuzipima, kuzipiga picha na kuzijenga upya kwa udogo. Nyumba za namna hiyo haziuzwi dukani. Makumbusho yalianza mwaka 1954, na watu wa kujitolea wanaendeleza kazi hiyo.

Nyumba inapunguzwaje?

Pendon hugawanya kila kipimo kwa 76. Mlango wa mita 2 unakuwa na urefu wa sentimita 2.6 hivi. Nyumba ya mita 7.6 inakuwa sentimita 10. Mtu, mti na behewa navyo hugawanywa kwa namba hiyohiyo. Dirisha likizidi kidogo tu, jicho hulikamata mara moja.

Na kama nyumba imeshabomolewa?

Hapo picha ya zamani husaidia. Ukijua kimo cha tofali moja pamoja na udongo unaoliunganisha, hesabu mistari ya matofali ukutani, kisha zidisha. Utapata kimo cha ukuta bila kuufikia.

Ujenzi wenyewe

Kuta huchorwa juu ya kadibodi. Milango na madirisha hukatwa kabla kuta hazijasimamishwa, kwa sababu baadaye wembe haupati pa kuegemea. Vipande vya kadibodi hubandikwa kwa ndani ili ukuta usijikunje ukipata unyevu wa rangi. Plastiki angavu huwa vioo. Pendon, mistari ya mawe na matofali huchorwa kwa mkono, kisha kila jiwe hupakwa rangi ya maji kwa brashi nyembamba, maana mawe ya ukuta mmoja hayafanani. Ndiyo sababu nyumba moja huweza kuchukua miezi mingi.

Sisi tunajifunza nini?

Huhitaji reli wala treni kufanya sehemu ya kwanza ya kazi hii. Nyumba ya babu ya udongo na nyasi ikishavunjwa ili kupisha ya tofali na bati, hakuna atakayekumbuka mlango ulikuwa na upana gani. Kata fimbo ya mita moja, iegemeze ukutani, piga picha kwa simu pande zote nne, kisha andika vipimo daftarini. Uliza pia nani aliijenga na miti ilitoka wapi. Mjukuu akitaka kuijenga kwa maboksi, atakuwa na pa kuanzia.