Kitoweo cha wiki Kalinzi: dagaa, mgebuka au maharage?

Unga wa muhogo haukosekani hapa Kalinzi, mkoani Kigoma. Kinachomaliza hela ni kitoweo. Kabla hujalipa, pima haya.

Dagaa walioanikwa mchangani ndio wa bei ya chini, ila mchanga nao unaulipia. Chukua mfano: ukinunua sado kwa shilingi 12,000, ukapepeta na robo ikawa mchanga na vumbi, sado safi imekugharimu 16,000. Bado maji ya kuosha na kurudia. Na kwa nyumba inayokula sinia moja, punje chache za mchanga huwaharibia wote mlo.

Dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya chanja, wako juu kidogo kwa bei, lakini hukauka vizuri kwa kuwa hewa hupita juu na chini, nao hukaa muda mrefu. Chota kiganjani, mkunje mmoja. Akivunjika, ni mkavu. Akipinda tu, ataota ukungu jikoni kwako.

Angalia pia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mavuno hupungua na bei hupanda. Nunua siku za giza. Kumbuka pia mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyekuwa na akiba ya dagaa wakavu alipumua.

Mgebuka mbichi ni mtamu, hasa ukiungwa kwa mawese. Lakini Kalinzi ni mlimani. Ukiteremka mwenyewe hadi mwalo wa Kibirizi kufuata samaki wawili, nauli itameza nafuu yote, na bila barafu lazima uwapike siku hiyo hiyo. Changeni majirani, aende mmoja.

Maharage yanalimwa hapa hapa, hayana nauli wala hayaozi upesi. Gharama yake imejificha kwenye kuni na mkaa. Nunua ya msimu huu, maana ya zamani hayaivi haraka, kisha yaloweke usiku kucha.

Nenda sokoni na chupa yako ya mawese na kikapu chako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na mfuko mbadala unalipiwa.

Kama hela ni kidogo, fanya hivi: maharage siku nyingi, dagaa wa chanja siku zinazobaki, mgebuka akija mgeni. Dagaa wa mchangani waachie wafuga kuku.