Kujilinda Mtaani: Mchezo Upi wa Mapigano Umfae Mkazi wa Mbeya na Iringa?

Swali hili huulizwa na vijana wa vyuo, na wauguzi wanaotoka zamu usiku, na wazazi ambao binti zao wamepanga vyumba mbali na nyumbani: kati ya ndondi, karate, judo na taekwondo, ni mchezo upi unaomfaa mtu anayetaka kujilinda mtaani? Majibu yake huwa ya kishabiki. Bondia husifu ngumi, mwanakarate husifu teke, na aliyetazama filamu nyingi husifu kila kitu. Mhudumu wa afya, ambaye hukutana na matokeo ya mapigano akiwa na sindano na uzi mkononi, ana sababu ya kutanguliza swali jingine: mtu huyu anataka kujilinda dhidi ya nani?

Kwa upande wa Mbeya, jibu limejulikana kwa muda mrefu. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya wanawake na ukatili wa majumbani, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2005, Tanzania iliwakilishwa na maeneo mawili, Dar es Salaam na Mbeya, na watafiti wa Muhimbili ndio walioifanya kazi hiyo. Miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 huko Mbeya walieleza kuwa wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi huyo. Takwimu hizo zina umri sasa, lakini Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2015/16 nao ulikuta kwamba wanawake wanne katika kila kumi nchini walikuwa wamepata kipigo tangu walipofikisha miaka 15. Kwa mwanamke, basi, mshambuliaji anayetazamiwa zaidi si mtu aliyejificha kwenye kona yenye giza. Ni mtu anayejua jina lake, na pengine ana ufunguo wa mlango wake. Mafunzo yanayomwandaa kwa ajili ya mgeni peke yake yanamwandaa kwa sehemu ndogo ya hatari.

Mgeni wa mtaani naye yupo, na mara nyingi anachotaka ni simu au mkoba. Hapa ushauri wa walimu wengi wenye busara hauhusu mapigo hata kidogo: mali itolewe, mtu aondoke. Kama kuna kisu au panga, hakuna mchezo unaoahidi usalama. Anayefundisha kwamba kisu huchopolewa mkononi mwa mtu kwa mshiko mmoja mzuri amefundisha kwa kisu cha mbao, na mwenzake alikuwa amekubali kushindwa. Majeraha ya viganja na ya upande wa nje wa mkono, yale yanayompata mtu anapojikinga, yanafahamika vizuri katika vyumba vya dharura, na mishipa ya fahamu na kano zilizokatwa hapo hazirudi zote katika kazi yake ya awali.

Sheria nayo ina neno. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini inaruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika kwa ulinzi huo tu. Anayeendelea kumpiga mwizi aliyekwisha kuanguka hajilindi tena, na huenda akajibu shtaka. Mchezo mzuri wa kujilinda, kwa hiyo, ni ule unaomfikisha mtu mahali pa kuweza kuondoka.

Kwa kipimo hicho uchaguzi unaanza kuwa mwepesi kidogo. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alizichukua mbinu za jujitsu ya kale, akaziondoa zile za hatari zaidi katika mazoezi huru, ili wanafunzi wake waweze kukabiliana kwa nguvu zao zote bila kulemazana. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo: mchezo uliopunguzwa makali ukazaa watu wenye uwezo zaidi, kwa sababu kila jioni walijaribu mbinu zao kwa mtu asiyetaka kuanguka. Ndondi ina sifa hiyohiyo. Mbinu inayosemwa kuwa ni ya kuua, ambayo kwa sababu hiyo haijawahi kujaribiwa kwa mtu anayekataa, ni maneno tu. Mwanafunzi mpya anayetembelea chama cha mazoezi aangalie jambo hilo kabla ya kuangalia rangi za mikanda: je, wanafunzi hufanya mazoezi na mwenzao anayepinga kwa dhati?

Judo ina faida nyingine ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza asiielewe. Mishiko yake hutegemea nguo. Pwani, mtu aliyevaa fulana nyepesi hashikiki. Mbeya na Iringa, mwezi Juni hadi Agosti, kila mtu jioni amevaa koti zito au sweta, na kola ya koti ni mpini mzuri kuliko mkono wenyewe. Zaidi ya hayo, judo humfundisha mtu kuanguka: kukunja kidevu, kupiga chini kwa mkono wote, kubingirika. Madhara makubwa ya kichwa katika ugomvi wa mitaani mara nyingi hayaletwi na ngumi yenyewe bali na kisogo kugonga lami au jiwe. Na hata asiyepigana maisha yake yote, katika miji iliyojengwa kwenye miteremko, yenye matope tangu Novemba hadi Aprili na bodaboda za misimu yote, ataanguka siku moja. Ni ustadi wenye matumizi mengi kuliko teke lolote.

Ndondi hujenga mambo mawili kwa haraka: kuzoea kupigwa bila kuduwaa, na miguu inayomtoa mtu katika njia ya pigo. Kasoro yake ni kwamba ngumi isiyofungwa kitambaa wala glavu huvunjika. Mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo ndio uathirikao mara nyingi, na aliyempiga mwenzake mdomoni akachanika kwenye kifundo cha kidole ameng'atwa na binadamu, hata kama haonekani hivyo. Kidonda hicho kidogo huingiza vijidudu ndani ya kiungo. Kinataka kuoshwa kwa maji mengi, kuangaliwa na tabibu siku ileile, na kwa kawaida antibaiotiki. Si kufungwa plasta na kusahauliwa.

Karate ina historia ndefu zaidi nchini katika jina lenyewe la kujilinda. Mtindo wa Goju-Ryu, unaotoka Okinawa, uliletwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na dojo yake katika Shule ya Zanaki ikaitwa Hekalu la Kujilinda. Ni mtindo wa karibu, wa viwiko, magoti na kiganja kilicho wazi, na kwa hiyo una mengi ya kumfaa mtu aliyebanwa ukutani. Unapofundishwa kwa mifuatano ya hatua peke yake, bila mtu wa kukabiliana naye, huleta nidhamu na afya njema, lakini ulinzi kidogo. Taekwondo, yenye mateke ya juu, huwapa vijana wepesi na pumzi. Teke la kichwani kwenye mteremko wenye utelezi, kwa mtu aliyevaa gauni refu au makubazi, ni jambo jingine.

Hata hivyo, mtu wa Uyole au wa Kihesa hachagui kutoka katika orodha ya michezo yote ya dunia. Huchagua mwalimu anayeweza kumfikia kwa miguu au kwa bajaji na kumlipa kila mwezi, naye mwalimu ana uzito kuliko jina la mchezo. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi mpya kupigwa kichwani wiki ya kwanza hafai. Asiyefuta damu sakafuni kwa dawa wala kumtoa nje mwenye jeraha linalovuja hafai. Anayemrudisha ulingoni kijana aliyezimia, aliyetapika au anayelalamika maumivu ya kichwa, hafai hata kama ana medali ukuta mzima. Aliyetikiswa ubongo akae mbali na mapigano mpaka dalili zote ziishe, kisha arudi kidogo kidogo baada ya kuonwa na tabibu. Mwenye selimundu, shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa au kifafa aongee na tabibu wake kabla ya kujiandikisha. Wageni kutoka pwani nao wakumbuke kwamba miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na pumzi itawaishia mapema wiki za mwanzo.

Kuna mafunzo ya aina nyingine ambayo hayana mikanda wala mashindano, na ndiyo yaliyopimwa kisayansi zaidi. Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusisha wanafunzi wa kike 893 wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Waliopewa saa 12 za mafunzo ya kutambua hatari, kukataa kwa sauti na kujinasua kimwili walikuwa na kiwango cha kubakwa cha asilimia 5.2 ndani ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 9.8 kwa wale waliopewa vipeperushi tu. Nairobi, katika mitaa ya kipato cha chini, utafiti wa mwaka 2014 wa wasichana 1,978 ulikuta kwamba ukatili wa kingono kwa waliofundishwa ulishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 11.1 kwa mwaka, ilhali kwa wasiofundishwa haukubadilika. Utafiti wa baadaye, wa muda mrefu zaidi, haukupata matokeo yenye nguvu kiasi hicho, na ni vizuri hilo lisemwe. Linalovutia ni kilichofundishwa: mapigo machache, na muda mwingi wa kujifunza kupiga kelele, kusema hapana kwa mtu unayemjua, na kutojilaumu. Shule au chuo cha Nyanda za Juu Kusini hakihitaji bingwa ili kuanza hayo; kinahitaji mwalimu wa kike aliyeandaliwa na chumba chenye nafasi.

Pale ambapo yote yameshindikana, saa ndiyo yenye uamuzi. Aliyebakwa afike kituoni haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora, kisha humezwa kwa siku 28; dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku tano. Fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, ina kazi yake katika ushahidi, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwa ajili hiyo, lakini damu inayotoka haisubiri fomu. Mhudumu amwone mgonjwa peke yake, bila aliyemsindikiza, hasa anayesema ameanguka ilhali michubuko yake iko mikononi upande wa nje. Aliyekabwa shingo huweza kuwa hana alama yoyote: sauti iliyokauka, maumivu anapomeza, madoa madogo mekundu kwenye macho, au kujikojolea wakati wa tukio, kila moja linatosha kumlaza na kumchunguza, kwa kuwa damu huweza kuganda katika mshipa wa shingo na kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Tena tafiti zimeonesha kwamba mwanamke aliyekabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye siku za mbele. Asirudishwe nyumbani kwa dawa za maumivu tu.

Wahudumu wenyewe hushambuliwa pia, na ndugu waliofiwa, walevi, au wagonjwa waliochanganyikiwa kwa homa. Hao hawapigwi. Mbinu zinazohitajika ni za kujinasua: kuutoa mkono kwa kuuzungusha kuelekea upande wa kidole gumba cha aliyeshika, na kurudi nyuma huku viganja vikiwa wazi mbele ya kifua. Kamba ya kitambulisho ivaliwe ile inayofunguka ikivutwa, stethoskopu isining'inizwe shingoni katika zamu ya usiku, na katika chumba cha kuonea wagonjwa kiti cha mhudumu kiwe upande ulio karibu na mlango.