Ugumu wa Kusoma Katika Familia: Si Laana, Si Uvivu, na Si Kosa la Mama

Hebu tuchukue mfano ambao mwalimu yeyote wa Ramisi hatauona mgeni. Mtoto yuko Gredi ya 3. Akitumwa dukani anarudi na chenji kamili. Akisimulia mechi ya jana utadhani ulikuwa uwanjani. Lakini akifunguliwa kitabu cha Kiswahili, anakwama kwenye mstari wa kwanza. Mwalimu anamwita mzazi. Baba anafika, anaelezwa, anatabasamu kidogo na kusema: "Huyo amenirithi mimi. Hata mimi masomo yalinikataa."

Hapo mazungumzo huisha. Mwalimu anakubali, baba anarudi kazini, na mtoto anabaki kwenye dawati la nyuma akisubiri siku ya kuacha shule.

Baba huyo amesema kweli, lakini nusu. Ni kweli kwamba ugumu wa kusoma hurithiwa katika familia. Si kweli kwamba kilichorithiwa hakina dawa. Makala haya yanaeleza nusu zote mbili, kwa sababu nusu ya pili ndiyo inayoweza kumbakisha mtoto shuleni.

Jambo lililojulikana zamani

Mwaka wa 1896, daktari Mwingereza kwa jina W. Pringle Morgan aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu katika kila jambo ila kusoma. Miaka 11 baadaye, mwaka wa 1907, daktari wa macho wa Glasgow, James Hinshelwood, alieleza habari za ndugu 4 wa familia moja waliokuwa na shida hiyo hiyo. Macho yao yalikuwa mazima. Shida ilikuwa katika namna ubongo unavyounganisha herufi na sauti yake.

Hali hiyo leo huitwa disleksia. Wataalamu wengi hukadiria kwamba huwapata kati ya watoto 5 na 10 katika kila watoto 100. Haina uhusiano na akili ndogo. Mtoto mwenye disleksia anaelewa vizuri anachosomewa. Kinachomshinda ni kuyageuza maandishi kuwa maneno. Katika Kiswahili, ambacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, mara nyingi shida hujitokeza kwa usomaji wa polepole mno, silabi kwa silabi, hata baada ya wenzake kuzoea.

Tafiti zilizofuata familia kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba mtoto ambaye mzazi wake ana disleksia anakaribia nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa nayo pia. Hiyo ni nafasi kubwa, lakini ina maana pia kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao husoma bila tatizo hilo.

Somo kutoka shamba la miwa

Watafiti wanajuaje kwamba ni urithi, wala si maisha ya nyumbani tu? Watu wa Ramisi, mji uliokua na kiwanda cha sukari, wanaweza kulielewa jibu kwa urahisi.

Muwa haupandwi kwa mbegu. Hukatwa vipande, na kila kipande ni nakala ya shina lililokizaa. Ukipanda vipande vya shina moja, vingine penye maji na vingine pakavu, tofauti utakayoiona imetokana na ardhi. Ukipanda aina mbili tofauti kwenye shamba moja, tofauti imetokana na mbegu.

Binadamu hawapandwi hivyo, lakini wapo mapacha. Mapacha wa kufanana wana urithi mmoja, kama vipande vya shina moja. Mapacha wasiofanana ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Wote hulelewa nyumba moja. Ikiwa mapacha wa kufanana wanalingana zaidi katika ugumu wa kusoma kuliko wale wasiofanana, basi urithi una mchango. Tafiti nyingi za mapacha zimeonyesha hivyo hasa, na mchango huo si mdogo.

Jeni nyingi, si jini mmoja

Kinachorithiwa huitwa jeni: maagizo madogo ndani ya chembe za mwili, yanayoelekeza jinsi mwili na ubongo unavyojengwa. Nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo kauli tunayoisikia mara nyingi, kwamba "ujinga huu umetoka upande wa mama yake," haina msingi. Kila mtoto amebeba pande zote mbili.

Mwaka wa 2022 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jeni za watu wazima zaidi ya 51,000 waliowahi kuambiwa wana disleksia, wakilinganishwa na zaidi ya milioni moja wasio nayo. Walipata sehemu 42 za jeni zinazohusiana na hali hiyo, na kila moja ilikuwa na mchango mdogo sana. Hakuna jeni moja ya kutosoma, kama ambavyo hakuna jini wa kutosoma. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana: mmoja anasoma gazeti, mwenzake anahangaika na jina lake.

Uchunguzi huo ulihusu watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika, ambao wana tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wengine wote duniani, wamechunguzwa kidogo mno. Pengo hilo limeanza kuzibwa hapa hapa Pwani. Katika kaunti ya Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kinashirikiana na watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, katika mradi unaoitwa NeuroDev. Miongoni mwa wanasayansi wake ni Profesa Amina Abubakar na Profesa Charles Newton. Mradi ulipangwa kuwahusisha zaidi ya watu 5,600, yaani watoto wenye usonji, ulemavu wa akili na hali nyingine za ukuaji wa ubongo, watoto wasio na hali hizo, na wazazi. Haulengi disleksia pekee, lakini unauliza swali lile lile linaloulizwa majumbani mwetu: kwa nini mtoto huyu, na kwa nini katika familia hii?

Si kila kinachofuatana katika familia ni jeni

Hapa tunahitaji uangalifu. Ndugu hugawana jeni, lakini pia hugawana chumba chenye mbu, chakula kisichotosha na safari ndefu ya kwenda shule. Tafiti za Kilifi zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria kali iliyoathiri ubongo hubaki na matatizo ya kumbukumbu, lugha au kujifunza. Mtoto mwenye usaha wa masikio wa mara kwa mara hasikii vizuri sauti anazofundishwa. Mwingine haoni ubao. Mwingine anazungumza Kidigo nyumbani na anakutana na lugha mbili ngeni kwa mpigo darasani. Wote hawa wanaweza kuonekana kama wamerithi "kichwa kigumu."

Vivyo hivyo kwa mzazi. Wapo wazee wengi wanaoweka kidole gumba badala ya sahihi kwa sababu hawakupata shule, si kwa sababu walishindwa kusoma. Swali la kumuuliza mzazi si "Unajua kusoma?" Ni hili: "Ulipokuwa darasani, wenzako walianza kusoma na wewe ukabaki nyuma ilhali ulijitahidi?" Jibu la ndiyo ni taarifa muhimu kwa mwalimu wa mtoto wake.

Kwale ilivyotoa jibu

Kurithi hali si kufungwa nayo. Mtu anayerithi macho mabovu huvaa miwani akasoma. Katika kusoma, miwani ni ufundishaji. Na ushahidi wa nguvu ya ufundishaji umetoka katika kaunti hii yetu.

Kuanzia mwaka wa 2010 hadi 2012, mradi wa utafiti uliojulikana kama HALI ulifanyika katika shule 101 za msingi za zilizokuwa wilaya za Kwale na Msambweni. Watafiti walijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwapima wanafunzi malaria kila muhula na kuwatibu waliopatikana nayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014, Katherine Halliday akiwa mwandishi mkuu, yalionyesha kwamba njia hiyo haikupunguza upungufu wa damu wala kuinua masomo. Hii haimaanishi malaria ipuuzwe. Inamaanisha upimaji wa kila muhula pekee haukutosha.

Njia ya pili ilimlenga mwalimu. Walimu wa madarasa ya chini walipewa mafunzo ya kufundisha sauti za herufi hatua kwa hatua, mipango ya masomo iliyoandaliwa, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Baada ya miaka 2, wanafunzi wao waliwashinda wenzao katika vipimo kadhaa vya kusoma na kuandika. Idadi ya walioacha shule ilikuwa asilimia 2.1, ikilinganishwa na asilimia 5.3 katika shule nyingine.

Utafiti huo haukuchagua watoto wenye disleksia. Lakini kufundisha sauti za herufi kwa mpangilio, taratibu na kwa kurudia ndiyo njia ambayo wataalamu huipendekeza hasa kwa watoto hao. Mwalimu hahitaji kujua jeni za mtoto ili aanze.

Mzazi, fanya haya

*Sema mapema.* Unapomwandikisha mtoto chekechea, mweleze mwalimu kama wewe, mwenzako, au ndugu zake walipata shida ya kusoma. Usingoje afeli.

*Anza na masikio na macho.* Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, utaelekezwa hospitali ya rufaa ya Msambweni.

*Omba tathmini.* Vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, vinavyojulikana kama EARC, vilianzishwa nchini mwaka wa 1984 na viko chini ya Wizara ya Elimu. Mwalimu mkuu anaweza kukuelekeza. Chekechea na vituo vya afya viko chini ya serikali ya kaunti. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ukikosea mlango, uliza utaelekezwa ule mwingine.

*Msomee.* Hata kama wewe hujui kusoma, msimulie hadithi, mpe vitendawili, chezeni michezo ya kutaja maneno yanayoanza kwa sauti moja. Masikio yanayotofautisha sauti ndiyo mlango wa kusoma.

*Usimchape wala usimpe jina.* Kiboko hakijawahi kufundisha herufi. Na fedha unazotaka kumpelekea mganga zitafaa zaidi zikinunua kitabu na nauli ya kwenda kwenye tathmini.

Tumrudie yule baba wa Gredi ya 3. Akiitwa tena shuleni, aseme maneno yale yale lakini asiishie pale: "Huyo amenirithi mimi. Wakati wangu hakuna aliyejua ni kitu gani. Sasa mnajua, tuanzie wapi?"