Jengo Lisilo na Mbele

Kalenda za ukutani zinazouzwa kwenye maduka ya vitabu vya dini huku Pwani hazikosi picha ile: kuba la dhahabu juu ya kuta za vigae vya buluu, na chini yake limeandikwa jina Masjid al-Aqsa. Kwa maana pana hakuna kosa, maana Waislamu wengi huuita kwa jina hilo uwanja wote wa Haram al-Sharif, ekari 35 hivi za Yerusalemu ya kale. Lakini msikiti wenyewe, wenye mihrabu na mimbari, uko upande wa kusini wa uwanja, na kuba lake ni la kijivu. Lile la dhahabu ni Qubbat al-Sakhra, Kuba la Mwamba, na waliolijenga hawakukusudia liwe msikiti.

Ukitaka kuhakikisha, itazame ramani yake. Msikiti una mbele. Ingia msikiti wa Kizimkazi, ingia Msikiti Mkuu wa Kilwa hata sasa ulivyo gofu, mwili wako utajua mara moja uelekee wapi. Kuba la Mwamba halina mbele. Lina pande nane zilizo sawa na milango minne, kila mmoja ukitazama upande wake wa dira. Kusini, upande wa kibla, pale ambapo fundi wa msikiti angechonga mihrabu, fundi huyu alitoboa mlango. Katikati hakuna safu za kusalia. Kuna jabali tupu la urefu wa mita 18 hivi na upana wa mita 13, lenye pango chini yake, na pembeni kuna njia mbili za kulizunguka. Leo watu husali humo, hasa wanawake siku ya Ijumaa, lakini umbo ni la mahali pa ziara: mtu aingie, azunguke, atazame, atoke.

Ramani hiyo unaweza kuichora mezani kwa bikari na rula. Chora duara. Ndani yake weka miraba miwili iliyopishana, upate nyota ya ncha nane. Refusha pande za miraba hiyo mpaka zikutane nje ya duara. Nukta nane za makutano ndizo pembe za pembenane ya ndani. Kwa hatua za namna hiyohiyo unaipata ya nje. Ndiyo sababu vipimo vinaitikiana: kipenyo cha kuba ni kama mita 20.4, na kila ubavu wa nje una mita 20.6 hivi. Duara la kati limebebwa na nguzo nene 4 za kujengwa na nguzo 12 za mawe. Pembenane ya ndani ina nene 8 na za mawe 16. Hizo za mawe zilitolewa kwenye majengo ya zamani zaidi, kwa hiyo hazilingani urefu, na mafundi walizisawazisha kwa kuzibadilishia vitako. Kuba lenyewe ni la mbao, tabaka mbili, moja ndani ya nyingine.

Aliyeamuru kazi hii ni Khalifa Abdul-Malik bin Marwan wa Bani Umayya, nayo imeandikwa tarehe ya mwaka 72 Hijria, yaani 691 au 692 Miladia. Usimamizi aliwapa Raja bin Haywa na Yazid bin Salam. Kwa nini alijenga? Miaka hiyo Makka ilikuwa mikononi mwa hasimu wake, Abdullah bin Zubeir. Mwanahistoria al-Yaqubi, akiandika karibu miaka 200 baadaye, alidai khalifa alitaka watu wahiji Yerusalemu badala ya Makka. Al-Yaqubi hakuwapenda Bani Umayya, na wataalamu wengi wameitilia shaka habari yake. Al-Muqaddasi, mwenyeji wa Yerusalemu aliyeandika mwishoni mwa karne ya 10, ana sababu nyingine: khalifa alihofia uzuri wa kuba la Kanisa la Ufufuo usije ukaziteka nyoyo za Waislamu.

Mimi naelemea kwa al-Muqaddasi, kwa sababu ukuta unamuunga mkono. Juu ya matao ya ndani unapita mstari wa maandishi ya Kufi, ya rangi ya dhahabu, wenye urefu wa mita 240 hivi. Haugusii hija. Haugusii hata Miraji, safari ya Mtume ya kupaa mbinguni, ambayo ndiyo kwa wengi wetu iliyoupa mwamba huu umaarufu wake. Unazungumza juu ya upweke wa Mungu, na unawaelekea Watu wa Kitabu kuwaambia juu ya Isa bin Mariamu. Mji ulikuwa bado umejaa Wakristo, na kuba la kanisa lao lilikuwa karibu sawa na hili kwa upana. Nakshi za mozaiki zinazoyazunguka maandishi zina mizabibu, mitende, vito na mataji, ila hutaona mtu wala mnyama.

Mwishoni mwa mstari huo kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mahali pa jina la mjenzi panasomeka al-Ma'mun, khalifa wa Bani Abbas aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Alipolitengeneza jengo, jina la Abdul-Malik liling'olewa, likapachikwa lake. Herufi zimebanana kwa sababu nafasi haikutosha, na rangi ya vioo haikuoana na ya jirani. Kisha fundi akasahau tarehe. Kwa hiyo ukuta unasema mpaka leo kwamba al-Ma'mun alijenga mwaka 72, miongo mingi kabla hajazaliwa.

Kuba lilianguka mwaka 1016, likajengwa upya na Wafatimi baada ya miaka michache. Wapiganaji wa Msalaba walipouteka mji mwaka 1099 waliligeuza kanisa, wakasimamisha msalaba juu yake. Mahujaji walitamani vipande vya mwamba, makasisi wakavimega na kuviuza, hadi ikabidi jabali lifunikwe marumaru na kuzungushiwa uzio wa chuma. Salahuddin aliingia mwaka 1187, akaushusha msalaba na kuyaondoa marumaru. Buluu ya kuta ilikuja baadaye sana: hadi karne ya 16 nje nako kulikuwa na mozaiki, ndipo Sultani Suleiman wa Uthmaniya akaweka vigae. Vingi kati ya hivyo navyo vimebadilishwa katika karne ya 20.

Na ile dhahabu? Al-Muqaddasi alilikuta kuba limevikwa shaba iliyopakwa dhahabu, ila baadaye kwa karne nyingi lilifunikwa kwa mabati ya risasi. Matengenezo yaliyokamilika mwaka 1964 ndiyo yaliyolirudishia rangi hiyo, kwa mchanganyiko wa alumini na shaba. Dhahabu halisi, kilo 80, ilipakwa miaka ya 1990 kwa fedha za Mfalme Hussein wa Jordan, zaidi ya dola milioni 8, alizozipata kwa kuuza nyumba yake ya London. Kwa hiyo ukikuta kwenye sanduku la babu picha ya jengo hili yenye kuba la kijivu, usidhani imefifia au ni ya msikiti wa jirani. Hesabu pande za kuta: zikiwa nane, ni hilohilo.