Chungwa la Muheza lavuka, mwuzaji abaki Horohoro

Kwa machungwa ya Muheza, mpaka wa Horohoro, kati ya Tanzania na Kenya, ni mwepesi. Mazao ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yakiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti cha asili kilichorahisishwa. Mwenye mzigo akitaka kukodi kibanda Lunga Lunga, upande wa Kenya, akae na auze huko, habari ni nyingine: aanze kutafuta vibali. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja haki ya kufanya kazi, kuanzisha biashara na kuishi popote katika Jumuiya, ila kwa kiasi tu ambacho kila nchi imekubali kufungua milango yake.

Tena haki hizo hufuata uraia wa nchi. Wadigo na Wasegeju wako pande zote za mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Wapo pia waliokosa uraia kabisa: Wamakonde walioishi Kwale, Kenya, kwa vizazi walisubiri hadi 2016 kutambuliwa na nchi hiyo kuwa raia, na Wapemba hadi 2023. Kabla ya hapo, kukosa kitambulisho kulimaanisha kukosa akaunti ya benki na laini ya simu yenye jina lako mwenyewe. Soko la Pamoja halikuwafaa kitu.

Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu na saluni. Hofu iliyo nyuma ya amri hiyo ni ya kweli: kijana wa Tanga asiye na mtaji anastahili kulindwa. Lakini mtu wa Vanga, Kenya, ametiwa kapu moja na mwekezaji aliyetoka bara jingine, na Wakenya wakilipiza, atakayeumia kwanza ni mfanyabiashara wetu aliyeko Mombasa. Wapo pia wanaohofia ardhi. Hao Ibara ya 15 ya Itifaki imeshawajibu, kwani ardhi imeachiwa sheria za kila nchi.

Kenya, Uganda na Rwanda zimeruhusu raia wao kusafiri baina yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mkinga upande wa Tanzania na Kwale upande wa Kenya zingeweza kupewa zaidi ya hapo: mkazi wa upande mmoja afanye biashara ndogo upande wa pili kwa kitambulisho chake, akilipia leseni na kodi ileile anayolipa mwenyeji.