Timazi ya Mguu

Mimi ni fundi mwashi hapa Dunda, Bagamoyo, na nina matege tangu utotoni. Mtaani nilipangwa winga kabla sijagusa mpira, maana watu wanaamini mwenye matege lazima ajue kupiga chenga. Siku hizi goti la kulia linaniuma nikipanda jukwaa. Wazee wanasema ni baridi ya bahari, nijichue kwa mafuta ya nazi. Mafuta yanatuliza, sikatai. Ila picha ya eksirei niliyopigwa nikiwa nimesimama ilionyesha kitu ambacho fundi yeyote angekielewa.

Shusha timazi kutoka kichwa cha mfupa wa paja, pale nyongani, hadi katikati ya kifundo cha mguu. Kwa aliyenyooka, uzi unapita karibu na katikati ya goti. Hata huyo, akitembea, upande wa ndani ndio unaobeba zaidi ya nusu ya mzigo. Kwetu sisi wa matege uzi umehamia ndani zaidi, na mzigo umeufuata. Gegedu, utando laini unaozuia mifupa isisagane, unalika upande huohuo. Ukilika, nafasi inabana, mguu unazidi kupinda, na uzi unahama tena.

Mwaka 2001 Leena Sharma na wenzake wa Chicago walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miezi 18 watu ambao magoti yao yalikuwa yameshaanza kusagika. Kwa wenye matege, uwezekano wa upande wa ndani kuharibika zaidi ulikuwa takriban mara nne ya wasio nayo. Zingatia: yalikuwa yameshaanza. Matege yenyewe si hukumu. Wapo wavuvi hapa wanaovuta nyavu mpaka uzeeni, miguu imepinda na magoti hayana neno.

Kina mama nao wasitishike. Mtoto mchanga huwa na matege, na kwa kawaida hunyooka akifika miaka miwili hivi. Yakizidi baada ya hapo, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake, apelekwe hospitali. Huenda amekosa vitamini D au kalsiamu. Na kule Arusha, maji yenye floraidi nyingi yamewapinda watoto miguu.

Dawa yangu ya kwanza ni kupunguza uzito. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulikuta kwamba kila kilo anayopungua mtu mnene inalipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Tangu niisikie hesabu hiyo, mifuko ya saruji ya kilo 50 anabeba saidia fundi. Pia nafanya mazoezi ya misuli ya mapaja. Fimbo nayo husaidia, lakini ishikwe mkono wa upande wa pili, si upande wa goti bovu kama wengi wafanyavyo.

Goti lililokwisha kabisa hubadilishwa, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inaifanya kazi hiyo. Kwa asiye mzee, ambaye upande wa nje wa goti bado mzima, mfupa wa muundi unaweza kukatwa chini ya goti, ukanyooshwa na kufungwa kwa chuma, ili uzi uhamie upande ulio mzima. Daktari anasema mimi nafaa. Nilipomuuliza nitakaa muda gani bila kupanda jukwaa, akajibu miezi, si wiki. Basi namaliza kwanza nyumba ya mtu kule Kaole. Imebaki linta na kenchi.